Kimya Si Jibu

Karibu kila tangazo la kazi linalobandikwa nchini humu, liwe la shirika, la shule binafsi au la kampuni ya ulinzi, humalizika kwa sentensi ileile: "Watakaochaguliwa kwa usaili tu ndio watakaojulishwa." Tumeizoea kiasi kwamba hatuisomi tena. Macho yanaruka kutoka kwenye sifa za mwombaji hadi kwenye tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, kisha tunakimbilia steshenari. Leo naomba tuisome polepole, kwa sababu naamini sentensi hiyo ni kibali cha kuahirisha kazi, na wanaokishika kibali hicho ni watu ambao kazi yao ni kuwajibu wenzao.

Tazama inavyogawa wajibu. Mwombaji ana tarehe, na akichelewa hata saa moja mlango umefungwa. Ana masharti: nakala za vyeti zilizothibitishwa kwa wakili, picha mbili za pasipoti, barua ya mtendaji, wadhamini watatu wenye namba zinazopatikana. Aliyetangaza kazi hana tarehe wala sharti lolote. Anaweza kuyafungua maombi kesho, mwezi ujao au baada ya sikukuu, na hakuna mahali popote atakapokuwa amevunja ahadi, kwa sababu hakuahidi kitu.

Hoja yangu ni hii. Kuahirisha kwa mtu anayeajiri si udhaifu wake binafsi wa kutibiwa kwa video za hamasa. Ni gharama anayoizalisha yeye na kulipwa na mtu mwingine. Na kwa kuwa yeye hailipi, hataacha mpaka ajiwekee, au awekewe, tarehe ya kujibu pamoja na utaratibu wa kila siku wa kuifikia.

Nasoma shahada ya uzamili katika usimamizi wa rasilimali watu, na sehemu ya ada yangu inatokana na kazi ya kutafutia miradi watu: wadodosaji wa tafiti, watunza maghala, vibarua wa msimu. Nyumbani ni Malinyi, kwenye bonde la Kilombero. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza, upande wa bahasha ya kaki na upande wa droo inamolazwa. Darasani, habari ya kuahirisha hufundishwa kama suala la usimamizi wa muda: mfanyakazi ana kazi nyingi, apange vipaumbele, azime simu, afanye gumu kwanza. Sawa. Lakini katika somo lote hilo sijamsikia mtu akiuliza ni nani anayekaa kusubiri wakati huyo mfanyakazi anajifunza kuzima simu.

Twende Malinyi, kwa sababu huko gharama ya kimya inaonekana kwa macho.

Bonde la Kilombero liliingizwa kwenye orodha ya ardhioevu za Ramsar mwaka 2002, na wageni wengi hulijua kwa jina hilo. Kwa wenyeji ni shamba la mpunga kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na kalenda yake haina huruma. Novemba na Desemba watu wanatafuta ekari za kukodi, wanafyeka, wanapanga foleni ya trekta au pawatila. Mvua zikishika wanapanda. Maji yakishajaa mbugani, hakuna tena cha kutayarisha. Wenye mashamba ya mbali huhamia huko na familia zao, wakaishi kwenye madungu na kufukuza ndege na ngiri mpaka mpunga ukomae. Mavuno huanza karibu na Mei na kuendelea hadi Julai. Anayekosa dirisha la mwanzo wa mvua, amekosa mwaka.

Sasa mweke hapo kijana wa Mtimbira au wa Itete mwenye stashahada yake. Oktoba ameona tangazo la mkataba wa miezi sita, kituo cha kazi Ifakara. Ametuma maombi. Novemba inafika, na baba yake mdogo anamwambia kuna ekari mbili zinakodishwa, hela itoke wiki hii.

"Baba, kuna kazi nimeomba. Nasubiri wanipigie."

"Subiri, mwanangu. Ila mwenye shamba hangoji simu yako."

Afanye nini? Akilipia ekari halafu akaitwa kazini, itabidi amwachie mtu shamba au ahesabu hela ya kukodi imekwenda. Akiziacha halafu asiitwe, mwakani atakula nini? Uamuzi huo wote unategemea neno moja kutoka ofisini: ndiyo, hapana, au subiri hadi tarehe fulani. Hata "hapana" ina thamani ikija kwa wakati. Mtu akiipata tarehe 5 Novemba, anachukua jembe. Akiipata Februari, anaipokea kama taarifa ya msiba. Asipoipata kabisa, atabaki kujiuliza kama labda namba aliyoandika haikusomeka vizuri.

Na ukidhani anaweza kwenda shamba huku akisubiri, kumbuka kwamba madungu mengi yako mahali ambapo simu haishiki. Kwenda mbugani ni kutoka hewani. Kwa hiyo kusubiri simu ni kazi ya kukaa mahali: karibu na barabara, karibu na duka la kuchajia, mbali na shamba. Kijana anaonekana amekaa kijiweni, na wapita njia wanasema vijana wa siku hizi hawataki kulima. Kumbe ana kazi. Analinda simu.

Kuahirisha kuna sura ya pili, ambayo mtu yeyote aliyewahi kuomba kazi anaijua. Baada ya wiki tano za kimya, simu inaita saa mbili usiku: "Kesho saa mbili asubuhi uwe Ifakara kwa usaili, uje na vyeti halisi." Zile wiki tano zilizopotea ofisini zinafidiwa kwa usiku mmoja wa mwombaji. Tangu mwaka 2018 tuna Daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero, na anayekumbuka foleni za kivuko anajua limetuondolea adha ya aina gani. Lakini daraja halifupishi usiku, wala halikaushi matope ya masika njiani kabla hujalifikia. Asiyefika anaandikwa hakuhudhuria. Aliyekuwa shamba anaandikwa hakupatikana. Kwenye ripoti, kosa lote linakuwa la kwao.

Mwaka 1933 watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walichapisha utafiti kuhusu Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa. Ungedhani watu wenye muda wote mikononi wangeutumia. Ikawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Wanaume walitembea polepole zaidi barabarani, wakisimama kila mara. Walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, wengi hawakuweza kueleza. Muda usio na mwisho unaojulikana haugeuki kuwa uhuru, unavunda. Nikisoma kurasa zile nawaona wenzangu wengi niliomaliza nao shahada ya kwanza. Tunawaita wavivu, tunawatumia semina za kujitambua, wakati tatizo lao la kwanza ni kwamba kuna mtu mahali fulani ameshika jibu lao na hajalitoa.

Nimewauliza watu wa ajira mara nyingi kwa nini hawajibu. Majibu yao ni matatu, na yote matatu yana heshima ya kusikilizwa kabla ya kukataliwa.

La kwanza: maombi ni mengi mno. Ni kweli ni mengi. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita waombaji zaidi ya 10,000 kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wafanye usaili wa nafasi 70. Picha za majukwaa yaliyojaa vijana waliovaa kiofisi zilizunguka nchi nzima, na wengi tulizitazama kama kipimo cha ukosefu wa ajira. Mimi nazitazama pia kama jibu kwa hoja hii. Kama watu 10,000 wanaweza kuitwa, kupokelewa na kupewa viti kwa siku moja, basi watu 200 walioomba udodosaji wa mradi wako wanaweza kupata ujumbe mfupi wa simu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapokea maombi kutoka nchi nzima, na bado huchapisha hadharani orodha za wanaoitwa kwenye usaili na za wanaopangiwa vituo. Wingi wa maombi ni sababu ya kuwa na utaratibu. Hauwezi kuwa sababu ya kutokuwa nao. Isitoshe, tangazo uliliandika wewe. Ukiandika "awe na elimu yoyote na uwezo wa kufanya kazi kwenye mazingira magumu," usishangae nchi nzima ikijitokeza.

La pili: uamuzi si wangu, ni wa bosi, na bosi yuko safari. Hili nalielewa zaidi, maana nimesubiri saini za watu wazima wengi. Lakini kujibu na kuamua ni vitu viwili. "Uamuzi bado, tutakujulisha tarehe 20" ni jibu kamili, halihitaji saini ya mkurugenzi, na linampa mtu uwezo wa kupanga wiki zake mbili. Ikifika tarehe 20 na bosi bado yuko safari, unaandika tena. Afisa asiyekuwa na mamlaka ya kuajiri bado ana mamlaka ya kutoa habari. Hayo hayaahirishwi kwa sababu ya safari ya mtu.

La tatu ni methali: haraka haraka haina baraka, kuajiri kunahitaji umakini. Nakubali kunahitaji. Lakini umakini huacha alama: karatasi ya vigezo, maksi pembeni ya jina, simu iliyopigwa kwa mdhamini. Faili lililolala kwenye droo kwa mwezi halichunguzwi, limelala. Na nimegundua kwamba methali za subira husemwa zaidi na asiyesubiri. Wanaosubiri wana methali yao, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwenye nyumba iliyokosa ekari za Novemba hiyo wala si tamathali.

Baada ya visingizio hivyo vitatu, kuna sababu yenyewe, ambayo haitajwi kwenye kikao. Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, wanasaikolojia waliochunguza tabia hii kwa miaka mingi, waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha kunahusu hisia kuliko saa. Tunaisogeza mbele kazi inayotuletea hisia mbaya ili tujisikie nafuu sasa hivi, na mzigo tunamwachia mtu tutakayekuwa kesho. Kwa mtu wa ajira, hisia mbaya ina jina. Ni "hapana."

Na huku kwetu "hapana" si barua kwa mtu usiyemjua. Ifakara ni mji, lakini si mji mkubwa kiasi hicho. Malinyi ndiyo kabisa. Uliyemkataa utakutana naye sokoni, kwenye basi, msibani. Mama yake anauza maandazi unayonunua. Kabla hata hujafungua bahasha, mjomba ameshapiga: "Mwanangu, kuna kijana wetu ameomba huko kwenu, hebu mwangalie." Huwezi kumwambia mjomba hapana. Ukikaa kimya, hujamkatalia mtu. Mradi umechelewa, mfumo una shida, tunasubiri Dodoma. Kimya kinalinda undugu. Ndiyo maana nasema anayeahirisha hapa si mvivu. Mara nyingi ni mpole kupita kiasi, na upole wake unalipiwa na kijana anayelinda simu.

Lakini sababu ya hisia peke yake haitoshi, kwa kuwa historia yetu inamjua mtu wa ajira ambaye hakuahirisha hata siku moja. Enzi za ukoloni mawakala walizunguka majimbo ya mbali wakikusanya wanaume wa kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge wakaunda chombo chao cha kazi hiyo, SILABU, kikasafirisha watu kwa maelfu. Wale watu tuliwaita manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na neno hilo bado linauma. Wakala binafsi alilipwa kwa kila kichwa alicholeta. Hakuhitaji semina ya nidhamu ya kazi. Alikuwa na haraka kwa kuwa kila kichwa kilikuwa na bei.

Simtamani wakala yule arudi. Namtaja kwa sababu anaonyesha kuahirisha kunafuata nini. Hata leo, upande wa Kidatu, muwa ukishachomwa hupoteza sukari kila siku unaochelewa kufika kiwandani. Anayelima miwa hawezi kukaa na orodha ya wakataji kwenye droo hadi baada ya sikukuu, kwa sababu hasara ya kuchelewa ni yake mwenyewe. Tunajua kutafuta watu kwa wakati. Tunakujua sana. Tunachelewa pale tu ambapo hasara inaangukia kwa mwingine, na mwombaji asiyechaguliwa ndiye mtu asiye na bei kwenye mahesabu ya ofisi nyingi. Hakuna safu yake kwenye ripoti ya mwaka.

Ndiyo maana sina imani na hamasa. Wahamasishaji wanamwambia afisa aamke saa kumi alfajiri, aoge maji ya baridi, aandike malengo yake ukutani. Sina ugomvi na kuamka mapema. Mbugani watu wanaamka mapema bila kulipia semina. Ugomvi wangu ni kwamba mafundisho yote hayo yanadhani anayeumizwa na kuahirisha ni yule anayeahirisha: ndoto zako, mafanikio yako, maisha yako. Afisa ajira anaweza kuahirisha miaka ishirini na asipoteze ndoto hata moja. Atapandishwa cheo. Na siku ya usaili atakaa mbele ya kijana aliyengoja wiki tano, atamtazama usoni na kumuuliza: "Je, unaweza kufanya kazi kwa kuzingatia muda?"

Sasa nini kifanyike? Niseme mambo ninayoyafanya na ambayo nimeyaona yakifanya kazi, bila uchawi wowote.

Kila kitu kinaanza kabla ya tangazo. Tarehe ya kujibu iandikwe ndani ya tangazo lenyewe, kwa herufi za ukubwa uleule wa tarehe ya mwisho ya kuomba. Tarehe iliyotangazwa hadharani haikusameheki kama ile uliyojiwekea kimoyomoyo. Siku hiyohiyo uandike vigezo vyako kwenye karatasi moja, vitatu au vinne, pamoja na maksi zake. Mafaili mengi hulala kwa sababu anayeyasoma hajui anatafuta nini, hivyo kila faili linakuwa mjadala mpya.

Kisha soma maombi yanavyoingia. Usingoje siku ya kufunga ili uanze na mlima. C. Northcote Parkinson aliandika mwaka 1955, nusu kwa utani, kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliyopewa. Ukiipa kazi ya kuchambua majina "mwezi wa kumi na moja," itakula mwezi wa kumi na moja wote. Mimi naipa saa moja. Ikifika saa mbili asubuhi na nimekaa mezani, nafungua maombi ishirini kabla ya kufungua WhatsApp. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba mpango wa namna hii, wenye "ikifika hivi, nitafanya hivi," husaidia watu kutekeleza kuliko nia tupu. "Wiki hii nitajitahidi kuyapitia" ni nia tupu.

Kila ombi likifunguliwa liingie fungu mojawapo: ndiyo, hapana, au bado. Lisirudi kwenye rundo bila alama. Fungu la "bado" lina siku tatu tu za kuishi.

"Hapana" zitoke kwanza. Hapa ndipo wengi tunapopindua mambo: tunawapigia waliochaguliwa, tunafurahi pamoja nao, na waliobaki tunawaachia ile sentensi ya mwisho ya tangazo. Anza na gumu. Kila Ijumaa saa nane mchana wote walioingia fungu la "hapana" wiki hiyo wanapata ujumbe. Hauhitaji ufasaha. "Habari. Asante kwa kuomba kazi ya udodosaji. Safari hii hatutaendelea na ombi lako, kwa kuwa nafasi ilihitaji uzoefu wa kukusanya takwimu kwa kishikwambi. Tunakutakia heri." Mtu anajua ameshindwa wapi, na anajua leo.

Wanaoitwa kwenye usaili wapewe siku tano au zaidi, na taarifa itumwe kwa maandishi mbali na kupigiwa, kwa sababu aliye shambani atausoma ujumbe akipanda kichuguu jioni kutafuta mtandao. Na mwisho, kuwe na daftari, hata kauntabuku ya kawaida, lenye safu mbili: tarehe ombi lilipoingia, tarehe lilipojibiwa. Pengo kati ya safu hizo ndicho kipimo chako. Asiyelipima hawezi kujua kama anaahirisha. Atajiona ana kazi nyingi tu.

Usitegemee haya yageuke tabia ndani ya siku 21, kama mabango ya semina yanavyodai. Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya ndogondogo, kama kunywa maji kila baada ya kifungua kinywa, na makala yao ya mwaka 2010 ikaonyesha kwamba ilichukua wastani wa siku 66, wengine 18 tu, wengine ikikadiriwa kufika 254. Walionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakukuvuruga safari nzima. Kwa mtu wa ajira hiyo ni habari njema: ukikosa Jumanne kwa sababu mtandao ulikatika, Jumatano saa mbili asubuhi bado ipo.

Nitakuwa mkweli kuhusu bei yake. Ukianza kujibu, mjomba atapiga tena, safari hii kwa sauti nyingine. Kuna watakaokuandikia kwa hasira, kuna watakaodai uwaeleze zaidi, na utakutana na baadhi yao kwenye basi la Ifakara. Lakini kazi hii inalipiwa mshahara, na kubeba uzito wa "hapana" ni sehemu ya unacholipwa. Na mengi yanayorudi si matusi. Msimu uliopita dada mmoja niliyemtumia "hapana" alijibu kwa mstari mmoja: "Asante kaka, sasa najua. Kesho naingia shamba." Sijui jibu lenye adabu kuliko hilo, na sioni ni kwa haki gani mtu angemnyima hiyo kesho yake kwa kuwa tu ofisini bado hakujapoa.

Tusiliache jambo hili kwa wema wa afisa mmojammoja. Wakuu wa ofisi wanaopima watu wa ajira kwa nafasi zilizojazwa waongeze swali moja kwenye tathmini: ni waombaji wangapi walijibiwa kabla ya tarehe iliyotangazwa? Wafadhili wa miradi wanaodai risiti ya kila lita ya dizeli wanaweza kudai na hilo. Waombaji nao waache kuona aibu. Kuandika "naomba kujua lini nitapata jibu" si kiburi wala si kukosa subira. Ni swali ambalo mwenye shamba amekuuliza wewe, nawe unalipeleka linakohusika.

Na sisi tulio madarasani leo, tunaosoma vitabu vya rasilimali watu huku wenyewe tukisubiri kupigiwa simu, baada ya miaka michache tutakuwa upande wa pili wa meza. Tutapewa kiti, kompyuta na kiolezo cha tangazo chenye sentensi ile imeshachapwa chini kabisa. Ifute. Mahali pake andika: "Kila mwombaji atajibiwa kabla ya tarehe 10 Novemba." Halafu chukua kalenda uhesabu kurudi nyuma: unategemea maombi mangapi, ishirini kila asubuhi, uanze lini. Ukiona siku hazitoshi, usilibandike tangazo bado.